Sheria ya begi lako imeandikwa wapi?

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu wa kujitegemea mbele ya vijana wafanyabiashara ndogondogo wa Kariakoo, Dar es Salaam. Tunayachapa kama alivyoyasema.)

   

Asanteni kwa kuniita. Mmemwacha wakili mwenye shahada mbili mkamwita kijana wa kidato cha nne anayeishi kwa kalamu. Nadhani mlipiga hesabu: wakili anatoza kwa saa, mimi nimekunywa soda moja. Soda hiyo nitailipia kwa kazi.

Mada mliyonipa ni begi. Mtu akipanda ndege kwenda ng'ambo na kurudi, anaruhusiwa kuvuka mpaka na mali kiasi gani bila kulipa ushuru? Kabla ya kuingia humu niliwauliza swali hilo vijana watano hapo nje. Mmoja alisema kilo 23. Wa pili akasema kilo 46. Wa tatu akasema hakuna kiwango, ni bahati yako na sura ya afisa siku hiyo. Wa nne akasema ukivaa suti hufunguliwi. Wa tano alinitazama akacheka, akaniambia, "Kaka, swali ni moja tu: unamjua mtu, humjui mtu?"

Mnacheka. Lakini angalieni jambo moja. Katika majibu yote matano, sheria haikutajwa hata mara moja.

Sasa nendeni sokoni. Muuza nyama akiweka mizani ikakupa mgongo, namba anaziona yeye peke yake, halafu akakwambia, "Hii kilo mbili, lete hela," utakubali? Utamwambia aigeuze. Hamtaki kununua hata nyama kwa mizani isiyoonekana. Lakini mnatua kiwanja cha ndege na mtaji wa mwaka mzima ndani ya begi, na hamjui mizani imeandikwaje. Hapo ndipo mnapoliwa. Na mkisikia mtu anaitwa mjanja wa kiwanja cha ndege, jueni ujanja wake wote ni kwamba anaiona namba msiyoiona ninyi.

Mizani mitatu, msichanganye

Tuanze na kilo 23. Kilo hizo ni za shirika la ndege. Ni mkataba wako na mwenye ndege, kwa sababu ndege ina uzito wake na mafuta yake. Ukizidisha, unamlipa mwenye ndege. Forodha haina habari na kilo zako. Unaweza kushuka na begi la kilo tano lililojaa saa za thamani ukadaiwa ushuru mkubwa, na mwenzako akashuka na kilo 40 za nguo zake za kuvaa asidaiwe senti.

Mizani ya pili ni ya usalama. Ile habari ya kutopita na maji au losheni inayozidi mililita 100 kwenye begi la mkononi ilianza mwaka 2006, baada ya polisi wa Uingereza mwezi Agosti kugundua njama ya kulipua ndege kwa vimiminika. Hiyo nayo haina uhusiano na ushuru. Yule anayekunyang'anya chupa ya maji anaogopa bomu. Hakutozi kodi.

Mizani ya tatu ndiyo ya forodha. Hii inapima thamani ya mali, aina ya mali, na kitu kimoja ambacho wengi hawakijui: nia. Umeibeba ili uitumie, au umeibeba ili uiuze?

Kuna mtego mwingine wa nne, nao ni maduka ya viwanja vya ndege yasiyotoza ushuru. Duka la kwanza la namna hiyo lilifunguliwa Shannon, nchini Ireland, mwaka 1947, na Dubai wakafungua lao Desemba 1983. Kijana ananunua pale katoni tatu za sigara na chupa nne za pombe kali, anaambiwa hazina ushuru, anafurahi. Ndugu yangu, hazina ushuru wa kule unakotoka. Kule unakokwenda kuna mwenye nyumba mwingine na daftari lake.

Kipimo kimeandikwa hivi

Sheria yenyewe ipo. Inaitwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2004. Ilianza kazi Januari 2005, Umoja wa Forodha ulipoanza kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Rwanda na Burundi zikafuata baadaye. Mambo ya begi lako yamo katika Jedwali la Tano, mahali panapoorodhesha vitu vinavyosamehewa ushuru.

Nawasomea kwa Kiswahili cha mtaani. Abiria aliyetimiza miaka 18 anasamehewa pombe kali isiyozidi lita moja, au divai isiyozidi lita mbili. Anasamehewa manukato yasiyozidi nusu lita kwa jumla, na katika hiyo nusu lita, pafyumu halisi isizidi robo. Anasamehewa tumbaku ya aina zote, sigara, sigara kubwa na ugoro, isiyozidi gramu 250 kwa jumla. Hiyo ni katoni moja ya sigara na kidogo juu yake. Umeleta mtoto wa miaka 12 ukidhani utahesabiwa lita yake? Mtoto hana lita.

Nguo zako za kuvaa na vitu vyako vya matumizi ulivyokuwa unavitumia huko, hivyo ni vyako. Mgeni anayekuja kwa muda usiozidi miezi mitatu anaruhusiwa na vifaa vyake atakavyoondoka navyo. Na mkazi anayerudi kutoka safari, akiwa amekaa nje zaidi ya saa 24, ana kiwango cha thamani cha vitu vingine alivyonunua, ambacho kinasamehewa akivitangaza mwenyewe kwa afisa. Akivitangaza! Lishikeni neno hilo, nitalirudia.

Sasa sikilizeni sehemu inayowauma ninyi wa Kariakoo. Jedwali hilo linataja vitu ambavyo havipati msamaha wa begi hata kidogo. Kimojawapo ni vitambaa vya jora, yaani kitambaa ambacho hakijashonwa. Kingine ni bidhaa za biashara, au mali ya kuuzwa au kugawiwa watu wengine.

Narudia. Mali ya kuuzwa haimo katika msamaha wa abiria. Kijana anayeshuka na simu 30 akamwambia afisa, "Hizi ni zawadi za ndugu zangu," amekwisha kujiweka katika mikono ya afisa. Ndugu 30 wote wanapenda simu ya aina moja, rangi moja? Umesema uongo mbele ya mtu mwenye sheria mkononi. Kuanzia dakika hiyo hudaiwi ushuru tu, una kosa la tamko la uongo. Na mtu mwenye kosa habishani bei. Analipa anachoambiwa, mahali anapoambiwa, bila risiti, na anasema asante.

Kelele za Nairobi

Novemba 2023 wenzetu wa Kenya waliamka. Mamlaka yao ya mapato iliwakumbusha wasafiri kwamba vitu vya binafsi au vya nyumbani, vipya au vilivyotumika, vyenye thamani ya kuanzia dola 500, wakati ule kama shilingi 75,000 za Kenya, vinatozwa kodi. Nchi ikachemka. Watu wakauliza, simu moja ya mkononi na kompyuta moja si zinatosha kuvuka dola 500? Mtalii mwenye kamera yake je? Mwanafunzi anayerudi likizo je?

Jambo la ajabu ni hili: kiwango kile hakikuwa kipya. Kilikuwa kimeandikwa kwenye sheria ya Jumuiya, ileile tunayoitumia sisi. Wakenya hawakukasirishwa na sheria mpya. Walikasirika kugundua kwamba sheria ilikuwepo siku zote, wakivuka nayo bila kuijua, mmoja akitozwa na mwingine akiachwa.

Na viwango hivi havikai mahali pamoja. Baraza la Mawaziri la Jumuiya hubadilisha majedwali, tangazo likachapwa kwenye gazeti rasmi la Jumuiya. Nani kati yenu aliwahi kulishika gazeti hilo? Kwa hiyo msiondoke hapa na tarakimu ya mwaka 2023 mkaifanya msahafu. Ondokeni na tabia ya kuuliza kiwango cha mwezi huu kabla ya kukata tiketi.

Nchi nyingine nazo zina vipimo vyao. Umoja wa Ulaya unamruhusu abiria wa ndege mali ya yuro 430, sigara 200, na lita moja ya pombe kali. Uingereza ni pauni 390. Marekani, mkazi anayerudi ana dola 800. Tofauti na sisi haiko kwenye tarakimu tu. Tofauti ni kwamba kule tarakimu hizo anazijua hata dereva wa teksi.

Tumetoka wapi

Wazee wetu waliokaa nyuma kule wanaweza kutusimulia. Mwaka 1983 nchi hii ilipigana vita ya wahujumu uchumi. Sabuni ilikuwa adimu, dawa ya meno ilikuwa adimu, na mtu akikutwa na sabuni nyingi nyumbani alikuwa na maswali ya kujibu. Msafiri aliyetoka Nairobi na begi zito alikuwa mtuhumiwa kabla ya kufungua zipu. Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuleta bidhaa, na enzi ya Mzee Mwinyi ikaitwa enzi ya ruksa.

Tazameni na Zanzibar. Visiwani watu walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku Bara tulisubiri mpaka mwaka 1994 kuona vituo vyetu. Kwa hiyo televisheni ilikuwa kitu cha kuvushwa, na anayevusha alikuwa raia wa nchi moja anayetoka upande mmoja wa nchi yake kwenda upande mwingine. Ndege ni dakika 20 hivi, lakini ukishuka Dar es Salaam kulikuwa na meza ya forodha. Sababu iliyotajwa ni tofauti ya viwango na ya kuthamini mali, na malalamiko ya kutozwa mara mbili yakaingia katika orodha ya kero za Muungano, yakajadiliwa miaka na miaka. Kijana mwenye redio kaseti moja mkononi hakuwa na habari na majadiliano ya wakubwa. Alijua kwamba amelipa Malindi na analipa tena Dar.

Nimeyasema haya ili muelewe woga wetu mbele ya meza ya forodha umetoka wapi. Tumerithi woga wa baba zetu. Tunapita tumeinamisha kichwa kama wezi, hata tukiwa na mashati matatu na kopo la maziwa ya mtoto.

Sheria ilimfikiria nani?

Mwaka 1954 mataifa yalikutana New York yakaandika mkataba wa forodha kwa ajili ya watalii. Nimeusoma, ni burudani. Mtalii anaruhusiwa kamera moja, gramafoni moja na sahani zake 10, mashine moja ya taipu, ala moja ya muziki, raketi mbili za tenisi, mtumbwi usiofika mita tano na nusu, hata bunduki moja ya kuwindia na risasi 50. Sigara ni 200, au tumbaku gramu 250. Gramu 250, ileile iliyomo kwenye sheria yetu leo.

Mmemwona mtu huyo? Ana gramafoni, ana raketi, ana bunduki, anakwenda kustarehe. Huyo ndiye msafiri aliyekuwa kichwani mwa watunga sheria. Upande wa pili walimfikiria mfanyabiashara mkubwa, mwenye kontena, mwenye wakala wa forodha, mwenye ghala. Kijana wa Kariakoo aliyechangiwa mtaji na mama yake na shemeji yake, akaenda Guangzhou au Dubai, akarudi na mashangazi kaja mawili ya nguo, huyo hayumo. Yeye si mtalii, na si mwenye kontena. Akipita kama abiria anaambiwa hii ni biashara. Akitaka kufuata njia ya biashara anakuta karatasi za mtu mwenye kontena.

Mama anayevuka Namanga na mazao au bidhaa zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya amewekewa utaratibu rahisi: mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 una hati yake fupi ya asili ya bidhaa, inayotolewa palepale mpakani. Ni jambo jema. Lakini nguo zako za China hazina asili ya Jumuiya, kwa hiyo hati hiyo haikuhusu. Kama kuna jambo la kuwauliza wabunge wetu, ni hili: je, kijana mwenye begi la dola 1,000 hawezi kuwekewa karatasi yake moja, kwa Kiswahili, akalipa palepale dirishani akaondoka?

Maana kulipa kwenyewe kunahesabika. Tangu Julai 2022 daraja la juu la ushuru wa pamoja wa Jumuiya ni asilimia 35, na nguo zilizoshonwa zimo humo. Chukua mashati yaliyothaminiwa shilingi 1,000,000. Ushuru asilimia 35 ni shilingi 350,000. Jumlisha, unapata 1,350,000. Kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 ya hiyo, ni shilingi 243,000. Jumla ya kodi hizo mbili ni shilingi 593,000, ukiacha tozo nyingine.

Nasikia mnapiga miluzi. Ni nyingi, kweli. Zaidi ya nusu ya mtaji. Lakini kijana aliyeijua hesabu hii kabla ya kupanda ndege angeamua mapema: ninunue kitu kingine, au nipandishe bei, au nisafirishe na wenzangu kwa pamoja. Aliyeijua akiwa mbele ya meza, saa tisa ya usiku, hana la kuamua. Anatafuta mtu wa kumwonea huruma. Na huruma pale ina bei.

Wanaopita bila kufunguliwa

Mmoja wenu aliniandikia kikaratasi: "Kwa nini sisi tunafunguliwa na wakubwa hawafunguliwi?" Swali zuri. Baadhi yao wana sheria yao. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961 unasema begi la mwanadiplomasia halikaguliwi, isipokuwa kuna sababu nzito ya kuamini limebeba kisichoruhusiwa. Huo ndio mpaka wa kinga. Suti haikutajwa. Gari lenye vioo vyeusi halikutajwa.

Na afisa mwenye msimamo anaweza kuokoa hata roho ya mtu. Julai 5, 1984, kwenye kiwanja cha Stansted, Uingereza, makreti mawili yalikuwa yanapakiwa ndege ya kwenda Lagos. Waliokuwa nayo walidai ni mzigo wa kidiplomasia. Afisa wa forodha akaangalia karatasi na alama, akaona hazijatimia. Yakafunguliwa. Ndani ya kreti moja alikuwemo Umaru Dikko, waziri wa zamani wa Nigeria, ametekwa nyara London, amepigwa sindano ya usingizi. Afisa yule hakuuliza mzigo ni wa nani. Aliuliza karatasi ziko wapi. Afisa wa namna hiyo ni rafiki wa mnyonge, na nchi hii haikosi maafisa wa namna hiyo.

Sasa linganisheni. Aprili 2019 shirika la habari la Reuters lilichapisha uchunguzi wake wa dhahabu ya Afrika. Mwaka 2016 peke yake, Falme za Kiarabu ziliandika kupokea dhahabu ya dola bilioni 15.1 kutoka Afrika, tani 446, na sehemu kubwa haikuonekana katika takwimu za nchi ilikotoka. Nyingine ilisafiri mkononi, ndani ya mabegi ya abiria wa ndege. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa nao wamekuwa wakiandika kwa miaka jinsi dhahabu ya Kongo inavyopitia Uganda kwenda Dubai.

Kwa hiyo begi si jambo dogo. Begi moja linaweza kubeba hospitali ya wilaya. Ninachouliza ni hiki: kama macho ya forodha ni makali kiasi cha kuona chupa ya pili ya pafyumu ya kijana wa Kariakoo, kilo za dhahabu zinapitaje? Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno unaokata upande mmoja huo ni kisu, na mmojawetu ndiye nyama.

Ufanye nini

Najua hamkuja kusikia maneno matupu. Haya ndiyo ninayowaomba mfanye.

Kwanza, risiti. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ulichonunua, beba risiti yake. Usipokuwa na risiti, afisa atakadiria thamani mwenyewe, na makadirio ya mtu mwingine hayajawahi kuwa madogo. Kama unatoka nchini na kamera au kompyuta yako ya kazi, beba na risiti yake ya zamani, ili ukirudi usiambiwe umeinunua jana.

Pili, tangaza. Ukiwa na mali ya kuuza, sema ni ya kuuza. Ukiulizwa, jibu. Kutangaza si kukiri kosa. Hata fedha taslimu ni hivyohivyo: ukiwa na dola 10,000 au zaidi, ama fedha nyingine ya thamani hiyo, sheria yetu inataka useme. Haikukatazi kuwa nazo. Ukisema unaondoka nazo, ukificha unaweza kuziacha.

Tatu, omba hesabu kwenye karatasi. Sema kwa adabu, "Mheshimiwa, naomba uniandikie thamani, asilimia, na jumla." Usipandishe sauti, usirekodi watu kwa simu kama umekwenda harusini. Lipa kwa njia ya serikali, chukua stakabadhi. Asiyetaka kukuandikia, omba kuonana na mkubwa wake. Mwanamke akipekuliwa mwilini, sheria inasema apekuliwe na mwanamke.

Nne, usiporidhika, sheria haikukufungia mlango. Una siku 30 za kumwandikia Kamishna apitie upya uamuzi, naye ana siku 30 za kukujibu. Baada ya hapo kuna baraza la rufaa. Ni vijana wangapi humu waliwahi kuandika barua hiyo? Simwoni hata mmoja. Basi tusilalamike kwamba rufaa hazifanyi kazi, hatujazipa kazi.

Tano, jueni marufuku. Tangu Juni 1, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea hairuhusiwi nchini, hata ukitua nayo kutoka Ulaya. Pembe za ndovu, hata kipande cha bangili, usiguse.

Na sita, ndugu zangu, hili nalisema polepole. Usibebe begi la mtu. "Nipelekee tu kibegi hiki, kuna mtu atakupokea." Mwaka 2013 barua za Watanzania waliokuwa magerezani Hong Kong kwa dawa za kulevya zilisambaa, wakiwasihi wenzao wasifuate njia ile. China ina adhabu ya kifo kwa makosa hayo. Mwenye kibegi yuko baa hapa mjini anakunywa, wewe ndiye jina lako limeandikwa kwenye lebo. Mbele ya forodha, begi ni la aliyelishika.

Waigeuze mizani

Namaliza. Sheria hii imetungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge letu lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama katika nchi hii. Basi tunaomba jambo dogo, lisilohitaji msaada wa wafadhili. Ubao. Ubao mmoja mkubwa pale mabegi yanapozunguka, kwa Kiswahili, herufi za kusomeka na mzee aliyesahau miwani: pombe kiasi hiki, manukato kiasi hiki, tumbaku kiasi hiki, thamani kiasi hiki, bidhaa za biashara nenda dirisha lile, malipo kwa namba hii, usiporidhika andika huku.

Afisa mwaminifu ataupenda ubao huo, kwa sababu utampunguzia mabishano. Abiria mkweli ataupenda, kwa sababu atajua anadaiwa nini. Sasa kaeni mfikirie wenyewe ni nani hatoupenda.

Mpaka siku ubao huo utakapotundikwa, uandikeni ninyi. Karatasi moja kila fremu, ukutani, juu ya kaunta, na ukibadilishwa mwaka ujao mfute tarakimu muweke mpya. Anayekwenda Dubai kesho aisome kabla ya kufunga zipu.

 Soda yenu nimeilipa. Maswali?